Kamba Uliyoisogeza Nikiwa Msibani

Shemeji yangu Wafula,

Bwana asifiwe. Simu zangu huzipokei, na dada yako amechoka kunituliza kwa kusema labda uko juu ya mjengo. Basi nimekaa chini niandike, na yeyote asome, maana maneno yako yalizunguka kanisa zima kabla hayajanifikia mimi.

Unakumbuka kazi yetu ya kwanza, ule ukuta wa duka la mama wa mitumba kule Mbotela? Nilikuwa ndiyo kwanza nimemwoa dada yako, nawe ukaja na mwiko mpya wa uashi unaong'aa kama kijiko cha wageni. Tukapigilia vigingi pembe zote, tukavuta kamba, mimi huku, wewe kule. Halafu ukamwita mwenye kazi aingie ndani ya kamba, asimame nasi, tuombe kabla ya kuchimba. Lilikuwa wazo lako. Ukuta ulipofika kifuani, yule mama akatuletea soda.

"Fundi, si mniongezee tu kastoo hapo nyuma? Ni kadogo."

Mimi nilishaanza kuitikia. Wewe ukatikisa kichwa. "Mama, hapo hatukupaombea. Tumalize hapa kwanza. Kisha tutafunga kamba nyingine, tupatane upya, tuombe upya."

Akacheka hadi soda ikamwagika. "Nyinyi watu wa maombi mna ujanja!" Lakini alingoja. Tangu siku hiyo kila mtu alijua kazi yetu inaanzia wapi na kuishia wapi. Mteja akileta la kuongeza, tunamwonyesha kamba. Nani atabishana na maombi?

Ndiyo maana nilipopata kazi ya jiko la kanisa letu hapa mtaa wa Tena, sikuwaza mtu mwingine ila wewe. Kina mama walikuwa wakipikia wafiwa juu ya mawe matatu nyuma ya kanisa, mvua ikinyesha wanakimbia na sufuria. Chumba kimoja tu, chenye paa na meko. Tulipovuta kamba, dada yako alisimama pale meko yatakapokaa, akapiga kigelegele peke yake.

Kisha nikaenda nyumbani kumzika baba yangu. Niliporudi, vigingi vilikuwa vimehama. Kumbe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alitaka stoo. Baada ya stoo, baraza la wageni. Baada ya baraza, ofisi yake.

"Shemeji, ni nyumba ya Bwana," uliniambia bila kuniangalia. "Utamnyima Bwana chumba?"

"Na tuliomba lini?"

"Niliomba peke yangu."

Wafula, hilo neno bado limenikwama kama mwiba wa samaki. Peke yako! Mabati ya jikoni yakapanda juu ya ofisi na baraza, mbao zikaisha, na wewe ukapata kazi kubwa kule Eastleigh, ukabeba mwiko wako bila hata kwaheri. Ningeyameza hayo. Lakini kwenye mkutano wa kanisa mwenyekiti alisimama akasema ulimweleza kwamba ni mimi niliyetaka mjengo upanuke ili nipate kibarua cha muda mrefu. Mimi, niliyekuwa nikimwaga udongo juu ya baba yangu!

Mvua ilipoanza tulikuwa na msiba mwingine hapa kanisani. Kina mama walipika ugali ndani ya jiko lisilo na paa, dada yako ameshika mwavuli juu ya sufuria. Mmoja akamwambia, "Mama Naomi, mzee wako ametujengea bafu." Wakacheka wote. Yeye alicheka nao, akaja kulilia nyumbani. Ofisi ya mwenyekiti ilikuwa kavu, imefungwa kwa kufuli.

Nimeomba nikuchukie kidogo, nikashindwa. Nikipita jengo lolote nasikia sauti yako: hapo hatukupaombea.

Jumamosi iliyopita niliiendea kamati. Nikawaambia kila kingine kisimame, mabati yang'olewe barazani, jiko liishe kwanza. Waliguna, lakini kina mama walikuwa wamejaa mlangoni, kamati ikakubali. Nikavuta kamba upya, nikawaita wote waingie ndani tuombe. Mwenyekiti akaanza, "Na hapo pembeni, fundi, tungeweka…" Dada yako akamkata: "Mwenyekiti, hapo hatukupaombea."

Alisema vile vile unavyosema wewe. Ikabidi niangalie chini.

Paa litapanda Jumamosi ijayo. Sikuiti kazini. Ukija, mwiko uuache, njoo na mdomo wako tu, usimame mbele ya wale kina mama useme ni nani aliyehamisha vigingi. Baada ya hapo, utakula ugali kwangu kama zamani.

Ila upande wako wa kamba usiutafute. Siku hizi anaushika dada yako.

Mungu akulinde huko juu ya mijengo.

Ni mimi shemeji yako,
Baba Naomi