Nyanya wa Kwenye Picha

Jumatatu, 5 Novemba 2007

Saiba tena. Saa nzima ya intaneti nimelipia, yote imeishia kwa maswali ya wanunuzi wasio na macho.

Mmoja wa Eldoret ameuliza kama friji inakuja na mlango. Picha anaiona, mlango anauona, bado anauliza. Nimemjibu: hapana bosi, mlango uje nao wewe. Mwingine anataka kujua kama meza inakuja na maua yaliyo juu yake. Maua ni ya plastiki. Nimemwambia meza ni meza.

Na wote mwishowe wanauliza kitu kimoja. Na vitambaa je? Kila ninachouza nakipiga picha sebuleni kwangu kwa sababu ukuta ni safi, na sebuleni kwangu hakuna kitu kisicho na kitambaa. Mama Daudi, mama mkwe wangu, anashona kroshia toka asubuhi mpaka macho yagome. Kitambaa juu ya kiti, juu ya redio, juu ya jagi la maji. Nikileta friji ya Mzungu wa mashamba ya maua Naivasha anayerudi kwao, kabla sijaifuta vumbi imeshavikwa kitambaa. Kila tangazo nimeandika kwa herufi kubwa: VITAMBAA HAVIUZWI. Wanauliza tu. Binadamu hasomi.

Jumatano, 7 Novemba

Nimeamua. Seti ya viti inauzwa.

Si yangu. Ni ya Mama Daudi. Alikuja nayo kutoka Njoro baba mkwe alipofariki na ndugu wakagawana shamba. Mbao za zamani, nzito, kochi moja kubwa na viti vinne. Imejaza sebule yote. Mali yangu ya biashara iko kwenye korido, tunapita kiubavu-ubavu. Naye ameketi katikati ya kochi kubwa kila siku kama hakimu. Miaka minne sasa. Hagombi, hatukani. Ananiita mwanangu. Nimemchoka. Haya, nimeandika.

Nilimwomba apishe kidogo nipige picha. Akasema mguu umeamka vibaya leo, piga tu mwanangu, mimi sitaharibu. Nikapiga naye ndani. Sindano mkononi, anatabasamu kwa kamera. Nikaipandisha mtandaoni hivyo hivyo.

Daudi hajui. Yuko Olkaria kwa visima vya mvuke, anakuja nyumbani akipata ofu, siku mbili tatu za mapumziko. Akiuliza nitasema nilidhani tulikubaliana.

Jumanne, 13 Novemba

Mwanamke wa Limuru ameandika. Anajiita Mwalimu Agneta, amestaafu. Barua pepe imenyooka kama insha. Miguu yote ni mizima? Mito inavuliwa kufuliwa? Vitambaa vimo? Na mwisho kabisa: yule nyanya aliye kwenye picha, ndiye mshonaji?

Nikajibu. Miguu mizima. Mito inavuliwa. Vitambaa havimo. Nyanya yumo, huyo ni bure, njoo na gunia tu.

Nikabonyeza. Nikacheka mpaka watu wa saiba wakageuka. Nilikuwa nahitaji kicheko.

Ijumaa, 16 Novemba

Sasa nimejua kwa nini watu wananipotea!

Simu naiacha nyumbani, kule stendi ya matatu nimeshaporwa mbili. Namba ndiyo iko kwenye matangazo. Kumbe ikilia Mama Daudi anashika. Na anajibu maswali! Leo nimefika mlangoni nikamsikia. Ndiyo mwanangu, friji ni nzuri lakini inalia kama paka usiku. Meza iko sawa, mguu mmoja ulipigwa msumari. Haki ya nani, nilitamani kumnyang'anya simu nimpige nayo.

Nikamuuliza nani amekutuma. Akasema mtu akiuliza kilichomo, si unamwambia kilichomo?

Mwalimu wa Limuru pia amepiga. Waliongea muda mrefu. Nilipouliza waliongea nini, akasema tu, mambo ya nyuzi.

Jumatatu, 26 Novemba

Nimemtoa kwa kochi. Nimemwambia mito inabonyea na mnunuzi anakuja kuangalia. Nimempa kigoda cha jikoni, kile cha kukatia sukuma wiki. Alibeba uzi wake akaenda jikoni, akakaa karibu na jiko la makaa, magoti yamefika kidevuni.

Nilitegemea atalia. Hakulia. Hilo limenikasirisha zaidi.

Jumamosi, 8 Desemba

Mwalimu Agneta amekuja kuangalia viti. Mwembamba, viatu vya mpira, sauti ya kuamuru darasa. Hana mume wala mtoto, nyumba anayo, huko Limuru kwenye baridi na mashamba ya chai. Nikamwonyesha kochi. Akaligusa mara moja tu. Halafu akauliza, mwenye nyumba yuko wapi?

Nikamwambia ni mimi. Akasema, hapana, yule wa kwenye picha.

Akaenda mwenyewe jikoni. Akamkuta kwa kigoda. Nikadhani nitaaibika, nikaanza kueleza habari ya mito. Hakuna aliyenisikiliza. Mwalimu aligeuza ndoo juu chini, akaketi. Saa mbili nzima wako jikoni na sindano, mimi sebuleni na viti vitupu. Walipotoka alisema anavichukua, atatuma lori baada ya uchaguzi, barabara zikitulia.

Amekubali bei bila kubishana. Mtu mzima wa hivyo sijui alifundisha watoto nini.

Jumapili, 16 Desemba

Daudi alikuja. Aliingia, akatupa begi, akapita sebule moja kwa moja hadi jikoni. Alikaa chini sakafuni karibu na kigoda cha mama yake. Walikula huko. Mimi nilikula mezani peke yangu.

Nilimwambia habari ya kuuza seti. Alinitazama sana. Akamgeukia mama. Mama akasema ni viti tu, Daudi, viti havizai.

Nilijua hilo la kuzaa limenilenga mimi nisiye na mtoto. Daudi anasema halikunilenga. Sijalala vizuri.

Amerudi Olkaria leo asubuhi. Kwaheri ya mama ilikuwa ndefu. Yangu ilikuwa ya mlangoni.

Jumamosi, 26 Januari 2008

Sijaandika wiki nyingi. Nakuru imeharibika tangu uchaguzi. Moshi upande wa chini tangu juzi, maduka yote yamefungwa, saiba pia. Milio ya risasi. Daudi hawezi kutoka Olkaria, barabara zimefungwa kwa mawe. Amepiga simu. Aliuliza: Mama yuko salama? Nikasema yuko. Akasema asante, mpe simu.

Mama Kelvin wa ng'ambo ya barabara amechomewa nyumba. Mama Daudi alitoka na mguu wake mbaya, mimi nikiwa nimejifungia chumbani, akamwingiza na watoto wake wanne. Nilipotoka walikuwa wote juu ya seti. Wamelala wamebanana, na vitambaa ndivyo wamefunikwa. Vyote. Hata kile cha redio kilikuwa juu ya mtoto mdogo.

Ni viti vya watu. Vimeshanunuliwa.

Jumatatu, 28 Januari

Mtoto mdogo amekojolea mto mkubwa. Nimeuanika, doa halitoki. Nimepaza sauti. Mama Kelvin aliomba msamaha mpaka nikachoka kumsikia.

Simu ya Mwalimu imeingia, Mama Daudi akashika kabla yangu. Nilimsikia anasema ukweli wote: kuna watoto wanne wamelalia, na mto mmoja una doa. Nikashika kichwa, nikajua biashara imekufa. Mwalimu akasema, sauti yake inasikika mpaka kwangu, waache walale, kiti ni cha kukaliwa na kulaliwa.

Watu wazima wawili, akili ya mmoja.

Jumatano, 30 Januari

Nimemwambia Mama Kelvin atafute mahali. Kwa uwanja wa maonyesho wanapokea watu, wanatoa blanketi. Nyumba yangu si kanisa. Nimesema hivyo, maneno hayo hayo.

Mama Daudi alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alijifunga leso, akachukua fimbo, akamshika mtoto mdogo mkono, wakatoka wote. Alitembea nao mpaka huko. Mguu ule ule ambao haukuweza kupisha picha! Alirudi jioni anaburuta. Vitambaa amewaachia. Kuta na viti viko uchi.

Nilimwekea chakula. Alisema ameshiba. Hakuniita mwanangu.

Nilifanya sawa. Kila mtu mwezi huu anaangalia nyumba yake. Nilifanya sawa.

Jumapili, 10 Februari

Hashoni tena. Anakaa kwa kigoda mikono mitupu. Nimemwambia arudi kwa kochi mpaka lori lije, sijui kwa nini nimemwambia. Akasema amezoea hapa.

Saiba imefunguliwa. Picha zangu mpya hazina vitambaa. Friji inaonekana friji tu. Hakuna aliyeuliza chochote.

Jumamosi, 16 Februari

Lori limekuja mchana. Mwalimu mwenyewe mbele na dereva. Wapakiaji walitoa viti kimoja kimoja, kochi kubwa likakwama kwa mlango, wakaligeuza, likatoka. Nikahesabu nimemaliza.

Halafu Mama Daudi akatoka chumbani. Kanzu ya Jumapili, viatu, mfuko mmoja wa nailoni. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema, Limuru.

Nikacheka. Nikasema Mama, acha mchezo, Daudi ataniua. Akasema Daudi anajua tangu wiki jana, ndiye amesema nisibebe vyombo. Mimi tu ndiye nisiyejua. Ndani ya nyumba yangu.

Nikamwambia huwezi kwenda kwa mtu baki. Nilimshika mkono, nakiri nilimshika kwa nguvu. Akautoa polepole. Akasema, "Lydia, si ulimwandikia Mwalimu kwamba mimi nimo? Na kwamba ni bure?"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali. Alisema vile mtu anavyosema bei ya nyanya sokoni.

Alijua tangu Novemba. Mwalimu alimsomea siku ile ya kwanza aliyopiga simu. Miezi yote hiyo ananipikia, ananiwekea chai, anajua. Mwalimu alinitazama juu ya miwani akasema yeye alileta lori, gunia hakupata. Dereva akacheka. Wapakiaji wakacheka. Majirani walikuwa kwenye ua, wote wamesikia.

Walimpandisha mbele, wakamwekea mto wenye doa mgongoni. Hakugeuka. Nilisimama hapo mpaka mwanamke wa duka la mkaa akaniuliza kama nimemuuza mama mkwe au nimemkodisha.

Nikaingia ndani, nikafunga mlango.

Jumapili, 2 Machi

Sebule ni kubwa. Nilikuwa nataka ukubwa huo. Nimepanga friji, meza, kabati, yote yamepata nafasi na bado kuna mwangwi.

Daudi alipata ofu. Sikumwona. Ametuma ujumbe: napitia Limuru kumwona Mama.

Jumapili, 16 Machi

Ofu nyingine. Limuru tena. Nilimpigia. Nikamuuliza na mimi je? Akasema, Lydia, huko Nakuru nilikuwa nakuja kwa nani? Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu ambaye ndiyo kwanza anajiuliza.

Nikakata simu. Nimelia. Nimeosha uso nikalia tena. Nilitaka nyumba bila mama yake. Sikujua kwamba mama ndiye alikuwa anamleta Daudi.

Jumatatu ya Pasaka, 24 Machi

Siku imepita kimya. Mvua kidogo saa nane, ikaacha. Daudi yuko Limuru tangu Ijumaa Kuu.

Nimepika chapati nyingi kupita kiasi, mazoea. Nimekula mbili.

Mchana ujumbe umeingia kutoka kwa Mwalimu Agneta. Nukta zote mahali pake. Viti viko salama, Pasaka njema. Swali moja tu: kile kigoda cha jikoni, kilikuwa sehemu ya seti? Mama Daudi anakiulizia. Magoti yake yameshakizoea, na kochi anasema linamwinua mno akishona.

Nimesoma mara nyingi. Nimeandika jibu, nikafuta, nikaandika tena. Nimemwambia hapana, hakikuwa kwenye tangazo, pole.

Sikumwambia sababu. Kochi lilienda na viti vikaenda, na hela za seti sijazigusa. Kigoda ndicho nimekalia.