Meza ya Msumeno Imebaki

Baba,

Kiwanda chenu cha mbao kimefunguliwa tena. Hakipasui mbao. Watu wanatoka Juba kuja kuona msitu wa mitiki, na banda lako ndilo wanalofikia. Wanapumzika humo, wanakula, kisha wanatembezwa mpaka mtoni. Mabati yaliyotoboka yamebadilishwa. Kuta zimeachwa na masizi yake.

Karani wa mradi huu ni mimi. Nilipata kazi baada ya kukuzika, kwa hiyo hukuniona na shati la ofisi. Mama alilipiga pasi mara mbili. Laiti ungeliona.

Katika mkutano mmoja, mhandisi alisema ile meza ndefu ya msumeno ing'olewe, iuzwe kama chuma chakavu, na mahali pake viwekwe vimeza vya watu wawili wawili. Wote wakakubali. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika tu. Lakini nilikuwa nakuona, Baba. Mwaka ule tuliporudi kutoka Uganda ulikuwa ukinichukua pale mchana. Msumeno unazimwa, mnapangusa unga wa mbao kwa viganja, sinia moja la asida na bamia linatua katikati, na msimamizi anamega pamoja na wabeba magogo. "Sogea, kuna nafasi," ulikuwa ukiniambia, hata pasipokuwa na nafasi.

Nikainua mkono. Nikasema meza ibaki, wageni wale chakula hapo, kwa sinia.

Mhandisi akacheka. "Ya karani," akaniita kwa Kiarabu chake, "wewe iko hapa kuandika ama kupika?"

Chumba kizima kikacheka. Nilijua kazi yangu imekwisha. "Baba yangu alikula hapo, mheshimiwa," nikasema. Sauti ilinitetemeka, na sikuwa na hoja nyingine.

Mkurugenzi wetu, mama mmoja wa mtaa wa Hai Jalaba, alikata shauri. "Khalas, meza inabaki. Lakini wageni wakiikataa, karani, utaing'oa wewe mwenyewe."

Siku ya kufungua, nusura waikatae. Walikaa mbali mbali, kila mmoja akingoja sahani yake, na asida ikaanza kupoa. Ndipo dereva wao, Mganda mmoja, akanawa na kumega tonge. "Sasa nyinyi munangoja nani? Huyu karani mwembamba hivi atamaliza peke yake?"

Wakacheka, wakasogeleana. Mhandisi ndiye aliyeomba sinia la pili! Mgeni mmoja akaniuliza nani alibuni jambo hili. Nikamtajia jina lako, Baba, lote, mpaka la babu. Sikutetemeka.

Pumzika sasa. Mama ni mzima, ndugu zetu wa Munuki wanakukumbuka. Wiki ijayo wanajadili kubomoa chumba cha boila. Najua nitaogopa tena. Lakini nakuahidi, mkono nitauinua.

Mwanao