Picha Zilizopita kwenye Skrini

Jumatatu, 3 Machi
Nimefuta vumbi kwenye kompyuta zote kabla ya kengele, kama kila Jumatatu kwa miaka minne. Zote zinatumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Niliiweka mwenyewe, hapa Kasekese, bila fundi. Hakuna aliyepiga makofi. Leo Mwalimu Neema, mwenye wiki tatu tu shuleni, ameweka skrinseva: kompyuta ikiachwa dakika tano, picha za wanafunzi zinapita moja moja. Mkuu wa shule kaita walimu wote waje kuona. Makofi. Picha zenyewe nilipiga mimi, mwaka jana, siku ya michezo. Yeye kazikuta tu.

Jumatano, 5 Machi
"Madam Neema yuko wapi?" Ndiyo salamu ninayopewa na watoto siku hizi. Kazi yenyewe ya skrinseva ni ya dakika mbili. Unafungua mipangilio, unachagua folda, basi. Ningeweza. Sikufikiria. Hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya. Saa ya chai, wote wakiwa ofisini. Kwenye mipangilio nimechagua skrini nyeusi tu. Folda ya picha nimeihamishia kwenye flashi yangu. Neema kahangaika mchana kutwa, mwisho akaja kuniuliza mimi! Nikamwambia Linux ina mambo yake. Nilifurahi. Niandike ukweli: nilifurahi sana.

Ijumaa, 7 Machi
Amekuja mama mmoja kutoka Mwese. Bodaboda, kisha miguu pale barabara ilipokatika. Matope hadi magotini. Ni mama yake Modesta, binti wa Kidato cha Pili aliyefariki mwaka jana. Amesikia mwanae anaonekana kwenye kompyuta. Nyumbani hana hata picha moja.

Neema alimkalisha mbele ya skrini nyeusi. "Mama, utusamehe. Picha zimepotea."

Yule mama hakulia. "Haya, mwanangu. Basi nipumzike kidogo, nirudi."

Nilishindwa kuvumilia. Nikatoa flashi mfukoni. "Hazijapotea. Nilizitoa mimi."

Nikakosea folda mara mbili. Muda wa kusubiri nikaweka dakika moja. Dakika ndefu mno. Modesta alitokea kwenye picha ya sita, kashika mpira, anacheka. Mama akasogeza kiti. Picha zilizunguka mara tatu, na kila mara alimsubiri.

Aliondoka akimshukuru Neema. Mimi hakunitazama. Hata hapo niliona wivu. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 10 Machi
Jumamosi Neema alikwenda Mpanda mjini kumsafishia yule mama picha ya Modesta, aishike mkononi. Nimesikia kwa wengine. Mimi ananipa salamu tu, basi. Mkuu hajaniita, sijui kama kaambiwa. Mvua tangu asubuhi. Nimesahihisha madaftari ya Kidato cha Kwanza hadi mkono ukachoka. Chumba cha pili nimemsikia Neema akicheka na watoto. Sikuinuka kwenda kuona.