Maua Yanayoshika Udongo

Uskoti, mwezi wa Julai

Mpenzi Baba Boke,

Nakusalimu kutoka huku ambako watu wanaita baridi hii joto na kutoka nje mikono wazi. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unanikumbusha kila jioni kwamba mashuka ya hospitali hayajikunji yenyewe. Wewe je? Kile kikohozi cha vumbi la mbao kimekuachilia? Unafungua dirisha la karakana kama nilivyokuomba, ama bado unasema majirani wataona kazi kabla haijaisha? Boke anakula vizuri? Marwa bado anaficha viatu asiende navyo shule? Na mama yako, goti lake linaendeleaje?

Najua utashangaa kupewa bahasha wakati tunaongea karibu kila Jumapili. Lakini unajua simu yetu ilivyo. Watoto wanakunyang'anya, Marwa ananionyesha jino, na kabla sijamaliza salamu mtandao umepotea. Jumapili iliyopita uliniambia unataka kukwangua ule mteremko nyuma ya jikoni, ung'oe kila kitu, umwage changarawe ya murram mpaka chini mtoni. Nikafungua mdomo kujibu, ikakatika. Sasa jibu langu ni refu, na Mercy, yule muuguzi wa Rongo, anakuja likizo, kwa hivyo nimemkabidhi. Tena naliandika kwa Kiswahili, lugha iliyotuoza. Wewe Mkuria, mimi Mjaluo, tungengoja mmoja ajue vizuri ya mwenzake, Boke hangekuwa amezaliwa.

Sikiza basi yaliyotupata hapa.

Nilishakuambia kwamba nyumba ninayokaa iko juu kidogo ya barabara, na chini yangu anaishi Mzee Donald, mstaafu wa posta. Katikati ya mlango wangu na wake kuna mteremko mkali, chini ya miti mikubwa inayokula jua lote. Nilipohamia, mteremko huo ulikuwa umefunikwa na majani mazito, ya duara, yenye kingo kama zilizokatwa na makasi. Huoni udongo hata wa kuweka kidole. Nilidhani ni kwekwe. Wewe unamjua mama yako na ufagio wake wa alfajiri, na mimi nimelelewa hivyo hivyo kule Ndhiwa: uwanja wenye heshima ni uwanja mweupe. Nilikuwa nikipita pale nikiona aibu kwa niaba ya wenyewe.

Mzee Donald hakuwa mtu wa maneno. Mke wake, Elsie, alikuwa amefariki majira ya kuchipua, kabla sijafika. Tangu mazishi hakuwa amevuka geti. Dukani anaagiza kwa simu, kanisani haendi. Nikimwamkia anainua kidole kimoja dirishani, basi.

Mwaka jana, majani ya miti yalipoanza kuanguka, mwenye nyumba yetu alileta watu wa mashine. Anaitwa Craig, ni kijana wa haraka haraka, si mbaya. Alitaka mteremko uwe wa kokoto, usisumbue mtu. Waliifanya kazi nikiwa zamu. Niliporudi nikakuta udongo mtupu, mwekundu kidogo kama wa kwetu, na ukweli nakuambia, jicho langu la kwanza lilifurahi. Nikasema, sasa hapa pamekuwa kwa watu.

Kisha nikamwona Mzee amesimama katikati ya ule udongo na viatu vya ndani, soksi zimelowa.

"Mzee, utaugua," nikamwambia. "Ingia ndani."

"Hayo maua yalikuwa ya Elsie," akasema. Hakuwa ananiangalia. "Nilikuwa nikikata nyasi hapa kwa mashine. Siku moja nikateleza, mashine ikanipita karibu na mguu. Kesho yake akang'oa nyasi zote, akapanda haya. Akaniambia, Donald, nakupenda kuliko nyasi."

Baba Boke, sikujua pa kuweka mikono yangu.

Mashina yote yalikuwa yametupwa kwenye sanduku la chuma kando ya barabara, lori lingekuja asubuhi kuyachukua. Nikaenda nikachungulia. Nikavuta moja. Lilikuwa nene kama kidole gumba, lenye magamba, na majani yake nilipoyaponda yakanuka vizuri, harufu ya utomvu iliyochanganyika na tunda. Mzee akanifuata mpaka getini, akasimama upande wa ndani.

"Unatafuta nini humo?"

"Maua ya mke wako."

"Yamekufa, binti. Waache wayachukue."

"Hayajafa. Kwetu mama yangu anakata mashina ya viazi vitamu, anayalaza kivulini, anayasahau mpaka majani yanyauke kabisa. Akiyapanda, yanashika. Hili shina lina maji kuliko mimi."

Akageuka akarudi kwake. Lakini nilipoingia nyumbani kuchukua mifuko ya nguo, nikarudi na kumkuta amefungua mlango wa bustani yake ya nyuma na kutandaza magunia chini. Tukajaza mifuko mpaka giza likaanza. Tukayalaza mashina juu ya magunia, tukayafunika na mengine yaliyoloweshwa maji. Ndipo akaniambia jina: jeraniamu. Nikamwambia nayajua, si ni yale ya kwenye makopo, mbele ya maofisi ya Migori? Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Akasema yale ni binamu wa watu wa mjini, baridi moja tu wanakufa. Haya ni ya shambani. Yanalala chini ya theluji na kuamka. Mbegu yake ikikomaa inachomoza mdomo mrefu, ndiyo maana kwao wanayaita mdomo wa ndege korongo.

Watu wa Craig wakaja wakatandaza plastiki nyeusi, wakamwaga kokoto juu. Palipendeza. Halafu ikanyesha.

Si mvua ya kwetu inayopiga na kuondoka. Ya huku inakaa kama mgeni asiye na kwao. Siku ya tatu nilisikia kishindo, nikatoka. Kokoto zote zilikuwa zimeserereka juu ya plastiki kama ugali unavyoteleza kwenye sahani, na nyuma yake udongo. Mlango wa Mzee ulikuwa umezibwa mpaka magotini. Yeye alikuwa ndani anajaribu kusukuma, akaanguka, mkono ukachubuka vibaya. Nilichimba na beleshi la makaa mpaka nikapata nafasi ya kupita. Nilimkuta ameketi sakafuni, matope yameingia mpaka kwenye zulia, ameukumbatia mkono wake. Nikamwosha, nikamfunga kitambaa, nikampigia Craig.

Craig alikuja uso umepauka. Akaomba radhi kwa kweli. Kisha akasema, "Nitamwaga zege. Zege halisombwi na maji."

"Halisombwi," nikamwambia, "lakini maji yatapita juu yake kwa mbio zaidi, na mlango wa Mzee uko chini."

Akautazama ule mlango. "Wewe unataka nini?"

"Nipe mteremko mpaka kiangazi. Tutaweka magunia ya kushika udongo, tupande tena yale maua. Usipofunikwa, lete zege lako, na mimi mwenyewe nitawapikia watu wako chai."

Akamwangalia Mzee. Mzee akasema, "Mpe." Neno moja tu, kama anayegonga muhuri wa posta.

Tulipanda kabla ardhi haijaganda. Mzee alianza kwa kunielekeza kutoka kwenye kiti, mkono umefungwa. "Zika shina lote. Zaidi. Acha kichwa tu nje." Kati ya shina na shina tukaacha kama urefu wa mkono kutoka kiwiko, tukashindilia kwa kisigino, tukamwaga majani makavu ya miti katikati. Mistari tuliikata kukingama mteremko, si kushuka nao, vile nilivyofundishwa na mama matuta ya viazi. Ilipofika mstari wa chini, Mzee alikuwa ameshashuka kwenye kiti, amepiga magoti kwenye matope, anapanda kwa mkono mmoja na kunilaumu kwamba nachelewa.

Majira ya baridi majani yakawa mekundu, kisha ya kahawia, kisha theluji ikafunika. Ilipoyeyuka niliona vijiti vimelala kama vilivyokanyagwa na ng'ombe. Craig alipita, akatikisa kichwa, akaenda zake. Hapo niliogopa kidogo, sitakuficha. Nikachutama, nikafukua kwa kidole. Shina lilikuwa gumu, na kwenye ncha kulikuwa na jicho jekundu, dogo kama punje ya wimbi. Nikafukua la pili, nalo lina jicho. Nikaenda nikagonga dirisha la Mzee mpaka akafikiri nyumba inaungua.

Mwaka wa kwanza ndio wenye kazi. Kwekwe halisi nalo lilichipua, na tulipalilia kwa mkono kila nilipokuwa sina zamu, maana jembe lingekata mizizi michanga. Lakini kufika Mei majani yalishikana. Ukimwaga maji juu huoni yanakoenda. Kwekwe likakosa jua, likaacha lenyewe. Mwezi wa sita yakatoa maua ya rangi ya waridi iliyokolea, mteremko mzima, nyuki wakajaa mpaka unasikia mvumo ukiwa ndani. Na ikanyesha ile mvua ya mgeni tena. Nilisimama chini na Mzee chini ya mwavuli mmoja tukitazama mfereji. Maji yalitoka meupe.

Sasa nije kwako, mume wangu. Usikwangue ule mteremko. Ukiung'oa na kumwaga murram, mvua za mwezi wa nne zitaisomba murram yote mpaka mtoni pamoja na nusu ya jiko. Usiniulize pia nilete maua haya. Sheria ya mimea haikubali, na hata yangefika, yanataka kulala kwenye baridi, na huko nyumbani Suna hakuna baridi ya kuyalaza. Tunacho chetu. Nenda Ndhiwa kwa mama yangu, mwambie Akoth anaomba mashina ya rabuon, viazi vitamu vyetu, yale ya majani mapana yanayotambaa sana. Atakupa mpaka ushindwe kubeba, na kuku juu yake. Panda kwa mistari inayokingama. Ukivuna, usivune mteremko wote mara moja, vuna mstari na uache mstari, ndio udongo usibaki uchi. Mama yako akisema pamekuwa kichaka, mwambie kwa upole kwamba uwanja wa mbele ni wake na ufagio wake, wa nyuma ni wa mkwe wake. Atanung'unika, kisha atapika majani ya viazi. Na kaka yako Mwita, anayetaka kuchimba pale kwa sababu ameona mawe yanang'aa, mwambie kule Masara kwa wachimba dhahabu kuna mashimo ya kutosha. Huo mteremko unashikilia nyumba ambayo watoto wangu wamelala.

Nimalizie ya Mzee. Craig alikuja wiki iliyopita, akasimama pale muda mrefu. Akasema ana nyumba nyingine upande wa pili wa mji, nyuma yake kuna mteremko kama huu, na mama mmoja mjane anaishi chini. Akaniuliza kama ningeweza. Nikamwambia Jumamosi sina zamu, lakini mashina yatatoka kwenye yale ya Elsie, na hayo si yangu kuyatoa.

Nikaenda kumwuliza Mzee. Alinisikiza mpaka mwisho, akaingia ndani na kufunga mlango. Nikafikiri nimemkosea. Akatoka amevaa kofia na buti. Akapiga magoti kwenye mstari wa juu kabisa, akafukua shina kubwa kuliko yote, akalishika. Alilishika muda mrefu, Baba Boke. Kisha akalirarua katikati kwa mikono yake miwili. Kipande kimoja akakirudisha ardhini na kukishindilia. Cha pili akanipa.

"Lete mifuko yako," akasema. "Hicho kimoja hakitoshi."

Jumamosi nilipotoka na mifuko mabegani, geti lilikuwa wazi, na Mzee alikuwa ameshafika kwenye kona ya barabara, ananiita niharakishe.

Nisalimie mama mkwe wangu, mwambie dawa ya goti iko kwenye mkoba wa Mercy na asiwagawie wanakwaya wote. Msalimie Mwita, hata kama nimemsema. Msalimie mwalimu wa Boke anayemvumilia na hesabu. Ukifika Ndhiwa msalimie mama yangu na ndugu yangu mdogo anayechunga ng'ombe wake, uwaambie ero kamano, asante yangu, kwa kila kitu. Boke na Marwa wabusu kwenye paji la uso, hata Marwa akikimbia.

Na jambo la mwisho, ambalo nimeliweka hapa chini ili usiliruke: barua ya likizo yangu imerudi jana, wamekubali. Desemba nzima. Usimwambie mtu kabla hujakaa nalo mwenyewe kidogo, ulifurahie peke yako kwenye karakana, kisha uwaambie watoto.

Mimi mkeo anayekuja,

Akoth, Mama Boke