Kipande cha Nyuma ya Sikio

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimempeleka mwanangu Witness kituo cha afya, kikohozi. Dawa kapewa. Ila daktari hakumwangalia mtoto sana — kaniangalia mimi. Ni mpya, anaitwa Yesaya, kijana, anaongea polepole. Akaniomba nivue kitambaa kichwani. Cha nini? Akasema sisi wenye ualbino ngozi yetu haina kinga ya jua, anataka kuona masikio na shingo tu.

Nikavua. Akakiona kile kidonda nyuma ya sikio. Kinakauka, kinatoa damu, kinakauka tena. Mimi nimeshakizoea.

Somo likaanza. Kofia pana, siyo kepu. Mikono mirefu. Losheni ya jua asubuhi na tena mchana, hata siku ya mawingu. Saa nne mpaka saa kumi niwe kivulini. Nikamwambia nauza mitumba pembeni mwa barabara ya mpakani, hizo ndizo saa za wateja. Basi nitafute turubai, kasema. Na kila mwezi mtu wa nyumbani anikague mwili, hasa pale nisipojiona mwenyewe.

Mpaka hapo sawa. Halafu — naishi wapi? Na nani? Nikajibu Chapwa, mtaa sikutaja. Halafu akasema anataka kukata kipande kidogo cha kile kidonda, kipelekwe Mbeya kupimwa. Huenda ni saratani.

Kipande. Cha mtu kama mimi. Kipelekwe.

Nikamshika mtoto mkono, nikaondoka.

Jumanne, 10 Juni

Barabarani. Vijana wa bodaboda wameniita tena "dili", mali ya kuuzwa. Kwao ni utani. Mteja wangu mmoja Mzambia, "mulishani bamayo" nyingi za kunisalimia, kanunua koti. Siku nzima sikio linapwita.

Nimempigia simu dada Loisi, Ileje. Ndiye aliyenilea. Ile miaka wenzetu walipokuwa wanakatwa viungo, alinitoa shule akanifungia ndani, yeye akilala mlangoni na panga. Nimemweleza.

"Ketrina, hata kucha zako nilikuwa nazichoma moto," kasema. "Leo umpe mtu nyama?"

Na ni mwaka wa uchaguzi, kaongeza, wagombea wanakwenda kwa waganga. Nisirudi pale.

Jumapili, 15 Juni

Kabla ya kanisa mume wangu Jofrey kaniita dirishani, kwenye mwanga. Eti anikague. Sikumwambia lolote la daktari! Kajuaje habari za kukaguana? Kanigeuza bega, kanikunja sikio, taratibu. Halafu mlio wa kamera ya simu.

Nikageuka. Picha ya nini? Ya kidonda, aone kama kinakua. Nikamwambia afute. Kasema ndiyo. Sikumwona akifuta.

Mahubiri yamenipita. Jofrey kanioa mama yake akiwa hataki hata kula chakula nilichopika. Hilo silisahau. Lakini wenzetu wangapi wameuzwa na watu wa nyumbani kwao? Nimekaa naye benchi moja, nikimwangalia mikono.

Jumatano, 18 Juni

Pikipiki imesimama mlangoni. Mwanamke, begi mgongoni, kaita jina langu kamili. Nimesukuma komeo. Nimemziba Witness mdomo — nimemtisha mimi kuliko yule mgeni. Kaita, kaita, kaondoka.

Jirani yangu mama Erica anasema ni mhudumu wa afya wa mtaa, kaniachia mfuko kwake. Ndani: losheni, kofia pana. Nani kamwonyesha nyumba? Chapwa si ndogo, na mtaa sikutaja.

Losheni nimeinusa. Nimepaka kidogo mkononi, nikasubiri. Hakuna kitu. Nimeifungia kabatini hata hivyo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemuuliza Jofrey wazi wazi, Witness akiwa nje anacheza. Hakukana. Ameona damu kwenye mto wangu kila asubuhi. Witness kamwambia kwamba daktari alilishika sikio la mama. Akaenda mwenyewe kituoni. Nyumba kaielekeza yeye. Picha kamtumia daktari. Kanipa simu nisome. Daktari kajibu nisichelewe.

Kwa nini hukuniambia?

"Ungekataa."

Ningekataa, kweli.

Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Wenye mapanga unawaogopa, mama Witness, nami nawaogopa. Lakini wao wako nje. Hiki kimeshaingia ndani."

Nikamuuliza nani mwingine kaiona picha. Hakuna, kasema. Nimeamini nusu. Ile nusu nyingine sijui niiweke wapi. Nimetoka kwenda kuanika nguo — nimevaa ile kofia.

Jumatatu, 23 Juni

Tumekwenda wote kituoni, mimi na Jofrey. Sikukaa. Nikauliza nikiwa nimesimama: chupa yenye nyama yangu anaibeba nani? Gari la sampuli, kasema daktari. Dereva ni nani? Hamjui vizuri, madereva wanabadilishana. Na huko Mbeya wakishapima, wanaitupa wapi? Wanaitunza, ina namba tu, haina jina. Hilo halikunipoza hata kidogo. Namba na jina vyote viko kwake.

Hakucheka. Nilitegemea acheke.

"Kuogopa una haki, mama," kasema. "Sasa niambie, tufanyeje uridhike?"

Nikasema nibebe mwenyewe. Akafikiri. Akapiga simu Mbeya mbele yangu, kaweka sauti nje nisikie. Mwanamke wa maabara kasema sawa, nije nayo kesho, atanipokea na nitaangalia wanavyofanya.

Ganzi iliuma kuliko kisu. Jofrey alisimama pembeni akiangalia ukuta. Daktari akanionyesha chupa. Kitu kidogo kama punje ya hindi, cheupe, kinaelea kwenye dawa. Hicho ndicho wanachosema kinaleta utajiri. Nimekiangalia muda mrefu. Ni nyama.

Dada Loisi kapiga simu jioni. Sikupokea.

Jumanne, 24 Juni

Asubuhi losheni nimepaka, usoni, shingoni, masikioni, kuzunguka bandeji. Jofrey kanimalizia nyuma ya shingo. Nimemwachia.

Basi la kwenda Mbeya. Foleni ya malori ilitushika mpaka Mpemba. Chupa iko kwenye mkoba, mkoba uko tumboni, mkono wangu uko ndani ya mkoba. Mwanamume wa kiti cha nyuma kauliza tunakwenda hospitali ipi. Jofrey kamjibu upesi mno — hospitali, Mbeya, sikio. Wanafahamiana? Anasema hapana, ni maongezi ya safari tu.

Sasa tumesimama Mlowo, watu wanashuka kununua ndizi. Naandikia pajani kwa mkono mmoja. Yule mwanamume kashuka. Jofrey ameniambia nimechoka, macho yanaonyesha, tangu jana sijalala.

"Lete nikushikie, upumzike kidogo."

Ameukunjua mkono wake mbele yangu. Ana kovu la kamba za mizigo, na harufu ya losheni yangu bado iko vidoleni. Nimeikaza chupa ndani ya mkoba. Hajaurudisha. Watu wanapanda, konda anagonga bati, na mkono wake bado uko pale, mtupu.