Mguu Niliouzika Mgombani

Baba Hoza,

Leo sikuulizi hali. Hali yako naijua: umelala kwenye migomba na mvua ya Rangwi inakunyeshea, na mimi nimekaa jikoni na hasira zangu. Kalamu kashika mke wa Hoza, mkwe wako, maana mimi shule niliiona kwa nje tu. Nimemwambia asinisafishie maneno. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Mjinga wewe. Mimi nimekuzidi, lakini tuanze na wewe.

Unakikumbuka kipupwe cha mwisho ukiwa na miguu miwili? Ukungu ulikaa bondeni siku nne, hata karoti zetu hatuzioni. Ulikuja jikoni kuota moto, ukavua mabuti, ukaweka unyayo wa kushoto juu ya figa, jiwe ambalo mimi nalisogeza kwa kijiti kwa sababu halishikiki. Ukaanza kunisimulia habari za mbuzi wa jirani. Nikasikia harufu. Nikadhani maharage yameungua, nikafunua chungu, maharage mazima. Nikageuka, ngozi yako inatoa moshi na wewe bado unacheka habari za mbuzi.

Nikakuvuta. Ukanitazama kama mimi ndiye niliyechanganyikiwa. "Mbona hauumi?" ukasema. Halafu ukajisifu. Ukasema mguu uliolima milima hii miaka arobaini umeshakuwa jiwe, moto hauuwezi. Na mimi nikaenda kutangaza kisimani kwamba mume wangu hata moto haumwezi. Nilirudi na ndoo kichwani nimevimba kwa sifa. Ulikuwa unakanyaga miiba husikii. Kokoto inaingia kwenye buti, unatembea nayo mpaka jioni. Tukaita nguvu.

Kidonda kikaoza. Hospitali wakasema ni sukari, ya siku nyingi, wakaukata mguu chini ya goti. Niliuomba. Nikaubeba mwenyewe umefungwa kwenye kanga yangu nzuri, nikauzika mgombani kwa jembe lako, kwa sababu kwangu mimi kilichokuwa mtu hakitupwi.

Ndipo ukaanza kuumwa. Mguu ulipokuwepo ulikaa kimya juu ya moto. Ulipoondoka ndipo ukapiga kelele.

Ulisema vidole vimejikunja, kidole gumba kinabanwa kama kiko mlangoni. Ulisema unyayo unaungua. Siku nyingine ukasema una baridi, ukaniomba niufunike. Niufunike nini, Baba Hoza? Pale palikuwa na shuka tu. Majirani wakaja na yao. Wakasema nimeuzika vibaya, vidole vimekunjika udongoni, nifukue niunyooshe.

Nikafukua. Hili sikukuambia. Ulikuwa umelala mchana, nikachukua jembe nikaenda, nikanyoosha nilichoweza kunyoosha, nikafukia tena, nikanawa kwa majivu mpaka mikono ikachubuka. Nikarudi ndani nikakukuta umeamka, unalia, unasema vidole vimejikunja.

Hapo uvumilivu ukaniishia. Nikasimama mlangoni nikakuambia, "Huna mguu. Mguu uko mgombani, nimeuzika mimi. Acha kudeka."

Ukanyamaza. Hukuutaja tena mpaka unakufa. Nilikuona ukiuma ncha ya blanketi. Nilikuona unapapasa shuka pale mguu ulipotakiwa kuwa, polepole, kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nikajifanya nachagua maharage.

Miezi minane, nachagua maharage.

Sasa sikia. Mwezi uliopita Hoza katoka shambani, kavua buti hapa hapa jikoni, naona msumari umetoboa soli, umetoboa na soksi, damu imekauka. Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Mama, hauumi." Akacheka. Kicheko chako, na meno yako. Nilimzaba kofi. Mtu mzima ana watoto wanne, nimemzaba kofi mbele ya mkewe, huyu huyu anayeandika, na anaandika huku anacheka. Mwambie aache kucheka, wewe alikuwa anakuogopa.

Kesho yake alfajiri nilimpakia kwenye gari tukaenda hospitali Lushoto. Nesi mmoja, binti wa kwetu, alimfumba macho akachukua kijiuzi kigumu, akawa anamgusa nacho nyayoni. Hoza aseme akisikia. Kamgusa kidole gumba, Hoza kimya. Kamgusa kisigino, kimya. Mimi nimekaa pembeni naona uzi unapinda kwenye nyama ya mwanangu, mdomo unaniwasha kumjibia.

Sukari. Kama wewe.

Nikamwambia yule binti anieleze kwa maneno ya mtu, si ya dawa. Akaniuliza, "Bibi, zamani jambo likitokea bondeni, nyie wa juu mlijuaje?" Nikamwambia watu walipokezana yowe. Wa chini anampigia wa kilima cha kwanza, naye anampigia wa kilima cha pili, mpaka linafika. Akasema basi mwili ndivyo ulivyo. Unyayo wenyewe hauna maumivu. Una wapiga yowe, ndiyo hiyo mishipa ya fahamu, wanapokezana kupanda mguu, kupanda mgongo, mpaka kichwani. Kichwa ndicho kinachosikia na kuamua kwamba hili liwe maumivu, na mguu utoke hapo. Sukari ikizidi inawaua wapiga yowe, na inaanza na wa mbali kabisa, wa vidoleni. Nyumba inaungua bondeni, juu huku watu wanakula ugali wao wa bada.

Nikamuuliza, na aliyekatwa? Akasema wale waliokuwa pale palipokatwa wanabaki. Hakuna anayewaletea neno kutoka chini, basi wanaanza kupiga yowe wenyewe, ovyo. Na kichwa kwa miaka yote kimejua sauti hiyo inatoka unyayoni. Kinasikia, kinasema unyayo unaungua. Nani angekiambia kwamba nimeshauzika?

Nikamkasirikia yule binti wa watu. Nikamwambia, kwa hiyo yalikuwa ya kichwani, mzee alikuwa anajitungia.

Akanishika goti. "Bibi, maumivu yote yanatengenezwa kichwani. Hata ya jino lako. Mzee alikuwa anaumwa kweli."

Alikuwa anaumwa kweli. Nimekaa na maneno hayo mwezi mzima.

Akaniambia dawa zake zipo, ningekurudisha wangekupa. Akaniambia wapo wanaopata nafuu kwa kioo. Unakisimamisha katikati ya miguu, mgonjwa anautazama mguu mzima humo ndani, anaona miwili, anaukunja na kuukunjua, na kichwa taratibu kinatulia. Kioo, Baba Hoza. Kioo chetu cha harusi kilichoning'inia juu ya kitanda chako, ulichokuwa unanyolea ndevu. Nimekitoa ukutani. Nilitaka kukivunja, nikakifunga kwenye kanga nikakiweka. Atakuja mtu kukihitaji.

Na wewe, kwa nini ulinyamaza? Maisha yote umenibishia, chumvi ya mboga unabisha, njia ya mfereji unabisha. Siku moja nakuambia acha kudeka, unaacha? Ungenirushia gongo lako la kutembelea. Ungesema tena, na tena, mpaka nichoke kukukatalia. Uliniachia ushindi nisioutaka.

Basi nimeapa, na mkwe wako aandike vizuri hapa. Hoza anapita kila asubuhi kabla ya shamba. Anasimama mlangoni, "Shikamoo, mama." Siitikii. Nasema miguu kwanza. Anakaa kwenye kigoda, nimekisogeza mbali na moto, anavua, namtazama kati ya vidole, nageuza unyayo kwenye mwanga, nakung'uta mabuti kwa mikono yangu. Nikiridhika ndiyo namwambia marahaba. Wanawe wadogo wanadhani ndivyo watu wote wanavyosalimiana. Wanakuja mbio, wanakaa chini, wananinyooshea miguu. Natazama yote. Na nikiondoka mimi, huyu anayeandika ataendelea, nimeshamwapisha.

Ndugu zako walitaka ukalale karibu na baba yenu. Niliwakatalia, tukagombana mbele ya mchungaji, nikashinda. Nilitaka ulale karibu na mguu wako. Uko hatua tatu tu, upande wa kushoto.

Kwaheri, mume wangu. Baridi imeanza kushuka huku. Kesho nikija kupalilia nitakata majani makavu ya mgomba, nitakwenda hizo hatua tatu, na nitaufunika. Ulisema una baridi.