Nani Kamwambia Kuhusu Picha?

Greis, niambie ukweli. Umemwambia Tante Adel?

Nimetoka ibada ya nyumbani kwake sasa hivi. Wenzetu wanakula wali uliopikwa ndani ya mwanzi, yeye, mzee wa kanisa mzima, ananivuta jikoni: "Mgeuze Yesu, mwanangu. Anatazama ukuta tangu mama yako azikwe."

ANATAZAMA UKUTA!

Picha ya Yesu iko chumbani kwangu, mlango naufunga kwa ufunguo. Nilikuambia wewe tu kwamba nilimgeuza kwa hasira.

Namuuliza nani kakwambia. Eti, "Nilikuombea moyo wako ufunguke, basi."

Basi?! Mimi sidanganyiki, umbea naujua.

Niapie si wewe.

Hapana, ngoja, usijibu kwanza. Kama si wewe, itabidi nimgeuze, na sijui nitamtazamaje.